Rumangabo: mvua haingoji paye

Mwezi wa kenda unaingia kwenye nyumba ya mchimbaji na mikono mitatu iliyonyoshwa. Mkono wa kwanza ni wa masomo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini mtoto wa sekondari anaombwa franga kwenye mlango, na hata yule mdogo anataka daftari, kalamu na viatu. Mkono wa pili ni wa mbegu. Mkono wa tatu ni wa mtu wa jembe, ambaye anataka kulipwa jioni ileile aliyolima. Na baba wa nyumba iko wapi? Iko Rubaya, iko Walikale, iko ndani ya shimo anangoja loti iuzwe.

Rumangabo hakuna shimo la madini. Kwa wenye hawajafika, ni kilometa karibu 45 kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, ukiisha kupita Kibumba na Rugari. Watu wa mbali wanajua jina hili juu ya kambi ya jeshi na juu ya makao makuu ya Hifadhi ya Virunga. Wenye kukaa pale wanalijua kwa maharagi, mahindi, mtama, viazi vitamu na ndizi. Vijana wake wengi wamekwenda kuchimba, wameacha mashamba mikononi mwa mabibi zao na mama zao. Kwa hiyo Rumangabo ni kijiji cha wachimbaji pia, ila mashimo yake yako mbali.

Mimi ni mtu wa sendika. Mumezoea kunisikia nikisema juu ya bei ya kilo, juu ya mizani yenye kuiba, juu ya mbao za kusimamisha tuneli. Leo nasema juu ya maharagi. Nimezunguka katika jamaa za wachimbaji wa upande wa Rutshuru, na nimeona kitu kimoja: nyumba nyingi hazianguki juu baba alikosa kupata pesa. Zinaanguka juu pesa ilifika wakati mvua imekwisha kuwatangulia.

Kalenda ya jembe

Tuanze na sezoni, maana kuna wachimbaji wa miaka ishirini ambao wamesahau. Sezoni ya A inaanza na mvua za mwezi wa kenda. Katikati ya mwezi huo mbegu inatakiwa iwe ndani ya udongo, na anayechelewa sana ni mwanzo wa mwezi wa kumi. Maharagi mafupi yanakaa siku 80 mpaka 90. Maharagi ya kupanda juu ya miti yanakaa miezi mitatu na nusu, hata minne kule baridi inaongezeka. Kwa hiyo tunavuna kati ya Desemba na Januari. Kisha kunakuja jua fupi, watu wanakausha, wanapiga maharagi, wanalima tena, na katikati ya mwezi wa pili sezoni ya B inaanza. Hiyo tunavuna mwezi wa sita. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa nane ni kiangazi, na wenye bonde lenye maji tu ndio wanaendelea na lengalenga, shu na nyanya.

Muhogo na ndizi haviingii kwenye hesabu hiyo. Muhogo unakaa mwaka na zaidi, ni kama pesa iliyowekwa. Ndizi inatoa kila wakati, ikiwa haikupata ugonjwa, na juu ya huo nitasema hapa chini.

Sasa angalia tumbo. Mavuno ya mwezi wa sita yanaanza kuisha mwezi wa kenda, wakati huohuo ambapo unaombwa utoe maharagi mazuri uyatupe ndani ya udongo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni miezi ya njaa: shamba ni kijani, chungu ni kitupu. Tena mwezi wa ine na wa tano. Wakati huo bei ya maharagi sokoni iko juu, sababu kila mtu ananunua na hakuna mwenye kuuza. Mavuno yakifika, kila mtu anauza siku moja, bei inaanguka. Mkulima anauza bei ikiwa chini na ananunua bei ikiwa juu, mara mbili kwa mwaka, na jamaa ya mchimbaji nayo inafanya vilevile juu pesa haikuwa tayari siku iliyotakiwa.

Mama mmoja wa Rumangabo, ambaye bwana yake anachimba tangu watoto wakiwa wadogo, aliniambia maneno ambayo nimeyaweka moyoni: "Yeye anatumaka franga siku ameipata. Mimi sikatai, namushukuru. Lakini ile ya mwezi wa kumi na moja nanunua nayo maharagi ya kula. Kama ingefika mwezi wa nane, ningeyapanda."

Mvua ileile

Shimo nalo liko na sezoni yake, ingawa hatupendi kusema hivyo. Mvua ikianza kunyesha sana, maji yanajaa chini, udongo wa mlima unateleza, na mtu mwenye akili hashuki. Motopompe inakula esansi, na ile esansi inaandikwa kwenye deni la timu. Barabara zinaharibika, wanunuzi wanachelewa, loti zinalala. Ndiyo kusema mvua inayofungua shamba ndiyo inayofunga shimo. Siku bibi anahitaji pesa zaidi katika mwaka mzima, ndiyo siku bwana anazikosa zaidi.

Wenzangu wa Rubaya watanijibu kwamba kiangazi nacho kina shida yake, maji ya kusafishia mchanga yanapungua. Ni kweli. Kila mahali kuna namna yake. Lakini kwa kushuka chini, kwa kuchimba bila mlima kukuangukia, kwa gari kupita, mwezi wa saba na wa nane ni bora kuliko mwezi wa kumi na moja. Na ndani ya miezi ileile ya saba na ya nane, maharagi ya sezoni ya B yametoka shambani, yamejaa masoko yote ya Rutshuru, Rubare na Kalengera, bei imelala. Mchimbaji anapata pesa wakati mbegu ni rahisi. Kile kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha vitu hivyo viwili.

Tufanye hesabu. Shamba la metre 25 kwa 40, jambo la kawaida kwa jamaa yenye bahati. Maharagi ya miti yanaomba hapo kilo karibu 6 za mbegu. Kilo 6! Ni pesa ambayo meza moja inakunywa Jumamosi moja bila kuhesabu. Ikienda vizuri, shamba hilo linaweza kurudisha gunia la kilo 100 na zaidi. Jamaa inayopika kilo moja kwa siku inakula siku 100 bila kwenda sokoni. Sijasema kwamba kila mara inaenda vizuri. Ninasema kwamba hasara ikija, umepoteza kilo 6 na kazi ya mikono. Lakini usipopanda, unanunua kilo 100 mwezi wa kumi na moja.

Viazi ni mambo mengine. Eneo hilohilo linaomba mbegu karibu kilo 200, na tena dawa ya kupulizia juu ya ugonjwa unaochoma majani wakati mvua na ukungu vinazidi. Anayetaka viazi lazima awe na mfuko, na tena udongo wa juu, kule Kibumba na Rugari, unavipenda kuliko wa chini. Namushauri mchimbaji anayeanza asikimbilie viazi juu aliona jirani amejenga nyumba ya mabati. Hakuona miaka jirani alipata hasara.

Kazi kubwa inayosahauliwa ni kupalia. Baba anatuma pesa ya kulima, anafikiri imekwisha. Siku ya 20 mpaka ya 25 nyuma ya kupanda, majani mabaya yanaanza kula chakula cha maharagi, na hapo ndipo bibi yuko peke yake na jembe, mtoto mgongoni, mwingine ameenda shule. Kama hakuna pesa ya kulipa watu wawili kwa siku tatu, shamba linapaliwa nusu, na nusu ya mavuno inakwenda. Ukituma pesa ya kulima bila pesa ya kupalia, umetuma nusu.

Mashamba yaliyokuwa pori

Hatuwezi kusema juu ya kulima Rumangabo na kunyamaza juu ya vita. Mwezi wa saba 2012 vita ilipita pale. Mwisho wa mwezi wa kumi 2022 ikarudi, wakati maharagi ya sezoni ya A yalikuwa yanaanza kupanda juu ya miti. Watu walibeba godoro na sufuria, wakashuka mpaka Kanyaruchinya, kwenye mlango wa Goma. Wengine walikaa pale zaidi ya miaka miwili, chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano ambako hata lengalenga haioti. Mwanzo wa 2025 kambi zilivunjwa na watu wakapanda tena njia ya nyumbani.

Walikuta nini? Majani marefu kuliko mtu. Ndizi zilizofungwa na pori. Nyumba bila milango. Na hakuna mbegu. Hili ni jambo ambalo mtu wa mjini haelewi: mkulima hanunui mbegu kila mwaka, anaitosha kwenye mavuno yake. Jamaa inayopoteza sezoni mbili imepoteza pia mbegu za mama yake na za nyanya yake, ile rangi ya maharagi ambayo walijua inaiva haraka, ile isiyooza kwenye mvua nyingi. Wanaanza na maharagi ya sokoni yaliyochanganyika, mengine ya mlimani, mengine ya bonde. Sezoni ya kwanza ni ya kuchagua tu: unapanda mchanganyiko, unaangalia mistari, unafunga kamba kwenye miche inayozaa vizuri, unavuna hiyo peke yake, unaiweka mbali na ya kula. Mama zetu walifanya hivyo bila kufundishwa na mtu wa mradi.

Jambo la pili ni mabomu. Panapopita vita kubaki kwa vyuma ndani ya udongo si ajabu. Jembe likigonga kitu ambacho si jiwe, acha. Usikivute, usikipige, usikipeleke kwa wenye kununua vyuma. Weka alama ya mti mbali kidogo, waonye majirani, mwambie shefu wa kijiji. Wachimbaji wanaorudi kijijini wako na ugonjwa wa kuona chuma na kufikiri bei. Hapa mutupunguzie.

Jambo la tatu ni pesa yenyewe. Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025. Wengi wetu tulizoea kutuma kwa simu, na mwenye kutoa anakata asilimia yake, na kwa kijiji wakati mwingine hana noti. Franga inayofika siku nane nyuma ya mvua ni hadithi. Kwa hiyo nasema tena: ipelekwe mbele, mwezi wa saba, na igeuzwe mbegu. Mbegu haikatwi asilimia.

Udongo ni wa nani

Hifadhi ya Virunga iliundwa 1925, wakati wa Wabelgiji, na jina lilikuwa la mfalme wao Albert. Leo inashika karibu kilometa za mraba 7.800, na Rumangabo iko kwenye mpaka wake kabisa. Upande mmoja kuna mpaka wa hifadhi, upande mwingine kuna mashamba makubwa ya wenye vyeti. Kati yao, watu wanazidi na udongo hauzidi. Kijana anayeoa leo anapata kipande ambacho babu yake angekiita kiwanja cha mbuzi.

Wasio na udongo wanakodi kwa sezoni. Wengine wanalipa dola mbele ya kulima, wengine wanalipa kwa mavuno, na kuna wenye kulipa kwa siku za kazi kwa mwenye shamba, ile tunayoita salongo. Mambo haya yote yanapitishwa kwa mdomo. Nimeona bibi ya mchimbaji aliyelipa kukodi kwa sezoni mbili, akavuna ya kwanza, na mbele ya ya pili mwenye shamba akasema alilipwa moja tu. Hakuna karatasi. Bwana yake yuko mbali siku tatu za njia. Angesema nini?

Karatasi haiombi mwanasheria. Andikeni majina mawili, urefu na upana kwa hatua, sezoni ngapi, pesa ngapi, tarehe, na mashahidi wawili watie kidole au saini, mmoja wao awe nyumbakumi au shefu wa kijiji. Na kwenye karatasi hiyo jina la bibi liandikwe. Ba kaka wachimbaji, hapa najua mutakunja uso. Lakini anayelima ni nani? Siku mlima ukikuangukia, nani atasimama mbele ya ndugu zako kusema "hili shamba tulilinunua pamoja"? Tangu sheria ya mwezi wa saba 2016 iliyobadilisha sheria ya jamaa, bibi aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana ili afanye mapatano. Wanaume wengi wa Rutshuru hawajaisikia, na mimi nadhani wengine wameisikia na wamenyamaza.

Nasema hivi pia kwa sababu ya uzee. Mfanyakazi wa kampuni yenye kufuata sheria anakatiwa CNSS, na siku moja atapata pensheni. Mchimbaji wa mkono, hata akiwa na karte yake ya kuchimba, wengi wetu hatuna kitu. Mgongo ukikataa kwenye miaka 45, kitu kinachobaki ni kile kipande cha udongo, ikiwa kipo, na ikiwa ndugu hawajakiuza.

Nyani, miti na volkano

Kulima karibu na hifadhi ni kulima na majirani ambao hawasikii salongo. Nyani wanaingia kwenye mahindi asubuhi mapema na jioni, nyati usiku. Katika sehemu fulani hifadhi imesimamisha uzio wa umeme, sehemu nyingine hakuna. Pale hakuna, anayelinda ni mtoto. Mahindi yakianza kuweka maziwa, hesabu watoto darasani, utaona viti vitupu. Ndiyo maana jamaa nyingi za mpakani zinaweka mahindi karibu na nyumba na kupeleka mtama au viazi vitamu mbali, ingawa nguruwe pori anakujia viazi vitamu. Hakuna suluhisho safi.

Kuna pia miti ya maharagi, ile wenye Kinyabwisha wanaiita mishingiriro. Shamba la metre 25 kwa 40 linaomba maelfu ya miti yenye urefu wa metre mbili. Itatoka wapi? Wengi wanaikata hifadhini, wanakamatwa, wanalipa faini au wanalala ndani, na mchimbaji anapigiwa simu atume pesa ya kutoa bibi yake. Pesa hiyo ingenunua miche. Matete yanayopandwa kwenye mpaka wa shamba yanatoa miti ya kusimamisha, yanashika udongo usitelemke, na majani yake mbuzi anakula. Kaliandra nayo inafanya vilevile na inarudisha nguvu kwenye udongo. Inachukua zaidi ya mwaka mmoja, lakini mwaka utapita tu, umepanda au hukupanda.

Juu ya umeme, mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru ulifunguliwa Desemba 2015 na uko na nguvu ya megawati 13 na kitu. Pale waya umefika, mashine ya kusaga inasaga bila mazutu, na mama hatembei saa mbili na debe la mahindi kichwani. Pale haujafika, nyaya zinapita juu ya kichwa chake. Sitaingia ndani zaidi, siku nyingine tutauliza bei ya kuunganishwa.

Volkano inatupa na inatunyima. Udongo mweusi wa Rutshuru umetoka kwake, ndiyo sababu maharagi yanazaa bila mbolea ya dukani. Wa Goma wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021 juu ya moto wa Nyiragongo. Mkulima anakumbuka pia siku ambazo hakuna moto: moshi unatoka, upepo unageuka, mvua inashuka na ukali, na asubuhi majani ya maharagi yana madoa kama yamemwagiwa maji ya moto. Ikitokea wakati wa maua, umekosa. Usiweke mbegu yote ndani ya udongo siku moja. Panda nusu, ngoja wiki moja au mbili, panda nusu nyingine.

Nilisema nitarudi kwenye ndizi. Ule ugonjwa unaokausha ndizi ulionekana Masisi 2001, na kutoka pale ukazunguka Kivu yote. Jani linakuwa manjano na kulegea, matunda yanaiva mbele ya wakati, ukiyakata ndani ni rangi ya kutu, na shina likikatwa linatoa maji mazito ya manjano. Hakuna dawa. Ila kuna mambo matatu. Kichwa cha ua kinachoning'inia chini ya mkungu kikatwe mara mkungu unapomaliza kuweka vidole, na kikatwe kwa kuzungusha na mti wenye panda, si kwa panga. Panga lipitishwe kwenye moto kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Shina lenye ugonjwa likatwe mpaka chini, libaki palepale, lisipelekwe kwa jirani kulisha mbuzi. Wanaobeba ugonjwa ni wadudu wa ua, lakini zaidi ni mapanga yetu. Kijana anayerudi kutoka Masisi na panga lake kiunoni kusaidia mama yake kusafisha ndizi, na alipoiosha hajui, anaweza kuua shamba kwa siku moja, naye akiwa na moyo mzuri.

Gunia na kasha

Tumefika kwenye mavuno, na hapa ndipo pesa nyingi inapotea kimya. Kuna kwanza wale wanaouza shamba likiwa kijani. Mnunuzi anakuja mwezi wa kumi na moja, anajua kuna njaa, anatoa franga kidogo, na mwezi wa kumi na mbili anakuja na mifuko yake kuvuna. Kisheria hajaiba. Lakini angalia ni nani anauza kijani: mara nyingi ni nyumba ambayo mchimbaji wake hajatuma. PDG wa shimo anampa bwana chakula kwa deni huku, mnunuzi anampa bibi pesa kwa deni kule, na wote wawili wanalipa kwa bei ya mwingine.

Kisha kuna wale wanaouza haraka juu ya kuogopa wadudu. Wako na haki ya kuogopa. Miezi miwili tu na maharagi yametobolewa yote, ukiyashika unashika unga. Lakini mdudu yule anahitaji hewa kama sisi tuko ndani ya tuneli. Kausha maharagi vizuri mpaka ukiuma na jino yanavunjika, hayabonyei. Yapepete. Chukua bidoni za plastiki zilizooshwa na kukauka kabisa, zisizonuka mazutu wala dawa. Jaza mpaka juu kabisa, tikisa, jaza tena, funga kifuniko kwa nguvu, na ukitaka weka mshumaa ulioyeyuka kuzunguka. Usifungue mbele ya miezi miwili. Wadudu waliomo wanakosa hewa, wanakufa. Ile mifuko yenye plastiki mbili ndani inafanya kazi ileile. Mbegu ya sezoni ijayo iwekwe kwenye bidoni yake peke yake, na tarehe iandikwe juu, na hakuna mgeni wa kufunguliwa hiyo, hata akiwa padiri.

Bidoni kumi za litre 20 zinabeba karibu kilo 150 za maharagi. Ukivuna Januari na ukauza nusu kwa ajili ya sabuni na shule, nusu nyingine ikingoja mpaka mwezi wa ine, umepita njaa na umeuza kidogo kwa bei nzuri. Hiyo ni paye ambayo hakuna mtu ameipima kwenye mizani mbaya.

Mwisho, juu ya kasha za AVEC na likelemba. Wachimbaji wako nazo kwenye machimbo, mabibi wako nazo kijijini, kasha la mbao lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Karibu zote zinagawana pesa Desemba, juu ya Noeli. Naelewa, watoto wanataka nguo na mchele. Lakini Desemba ni mwezi wa mavuno, ndipo nyumba iko na chakula. Kikundi kinaweza kubadilisha mwaka wake kikipenda: kufungua kasha mwisho wa mwezi wa nane badala ya Desemba. Hapo kila memba anabeba pesa yake siku kumi na tano mbele ya mvua, kwa mbegu, kwa watu wa jembe, kwa kupalia, kwa daftari. Katika sendika tumeanza kulisema kwenye mikutano ya timu. Kuna timu zimekubali na kuna timu zimecheka. Mabibi, wao, walipoulizwa hawakuchukua hata dakika tano.

Kwa wanaosoma haya wakati mvua imekwisha kuanza na mbegu haijaingia: maharagi mafupi ya siku 80 bado yanaweza kupandwa mpaka siku za kwanza za mwezi wa kumi. Nyuma ya hapo, acheni maharagi, wekeni viazi vitamu na lengalenga, na muanze kutafuta mbegu za katikati ya mwezi wa pili sokoni Januari, siku watu wanatoka na mavuno.